Siku Niliyojifunga Kufuli na Baba Mkwe

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianza kwa kujitetea mtasema nimeleta hotuba. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, mtu mzima mwenye ndevu, nilijifunga mnyororo na kufuli, mkono kwa mkono, na mzee niliyekuwa namwomba binti yake, kisha nikatembea naye hivyo katikati ya soko la Ifakara saa tano asubuhi, Jumamosi, watu wamejaa (mliokuwepo nawaomba mnyamaze kidogo, wenzenu wasikie kwangu kwanza).

Binti mwenyewe anaitwa Kabula, ana duka la dawa za mifugo pale karibu na soko. Baba yake, Mzee Masanja, ni Msukuma, mfugaji, anakaa upande wa Namawala na ng'ombe wake, na kila Jumamosi huja mjini kuchukua dawa dukani kwa binti yake. Sisi kwetu ni Mbingu, Wandamba, wakulima wa mpunga tangu enzi za mababu, na mkulima na mfugaji katika bonde hili wanavyotazamana pale ng'ombe wanapoingia kwenye mpunga uliochanua, hilo sina haja ya kulieleza. Kwa hiyo mzee kukubali tu kuniona, kabla hata ya kupokea mshenga, lilikuwa jambo kubwa, na Kabula alinipa masharti kama mtu anayempa mgonjwa dozi.

"Baba hapendi maneno mengi," aliniambia. "Mwamkie, mnunulie soda, mkinywa mkamaliza muagane. Nusu saa inatosha. Usijaribu kumfurahisha."

Nikasema sawa. Na ningekuwa mtu wa kusikia, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Basi nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba," tukakaa, tukanywa. Ile nusu saa niliyoambiwa ilikuwa imebakiza dakika ishirini na chupa zilikuwa tupu, mzee anatazama barabara, mimi natazama chupa, jasho linanitiririka mgongoni, nikaona huyu atarudi nyumbani aseme nimekutana na gogo. Nikaamua pale pale kwamba sitaachana naye hivi hivi.

"Mzee, kuna makumbusho hapo nyuma ya mashine ya kukoboa."

"Ya nini?"

"Ya kufuli."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kufuli hizi za kufungia mlango?"

"Ndiyo, mzee."

"Zimefanya nini?"

Nikasema twende ukaone.

Mwenye makumbusho hayo ni Mzee Fulgensi, ambaye zamani alikuwa mtunza stoo kule Mlimba, na alipostaafu akarudi na sanduku la kufuli mbovu zilizokuwa zinatupwa. Watu walipoona anazipenda wakaanza kumletea za kwao. Ana vyumba viwili, kuta zote mbao, kila kufuli imetundikwa kwenye msumari wake, chini yake ufunguo, na pembeni kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kuna kilichosema: "Kufuli ya kabati la sukari. Mke alikuwa na ufunguo, mume alikuwa na bisibisi." Kingine: "Kufuli ya duka la mikate. Haikuvunjwa hata mara moja. Wezi walipita darini." Na kingine, kwenye kufuli ya baiskeli: "Baiskeli iliibwa. Hii iliachwa."

Mzee Masanja akanitaka nimsomee hicho mara mbili, kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini kicheko. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu mtu mwenye busara angesema asante Mungu, tuage, mimi nikasema kumbe mzee anacheka, ngoja nimwongezee.

Mzee Fulgensi akatoka kwenda kututafutia benchi. Tukabaki wawili mbele ya mnyororo wa kufungia mtumbwi, umelegea na kutu, una kufuli nzito ya shaba iliyo wazi.

"Huu haushiki kitu," mzee akasema. "Ndama anaukata."

"Huu mzee unashika mitumbwi miwili kwa pamoja," nikasema (nilikuwa natunga, sijawahi kumiliki hata kasia). "Wavuvi wanaifunga hivi, mwizi akitaka mmoja abebe yote. Lete mkono nikuonyeshe."

Akaleta mkono. Nikazungusha mnyororo kwenye kifundo changu cha mkono, pale panapokaa saa, nikazungusha kwenye cha kwake, nikavuta ukabana vizuri, na kufuli nikaibonyeza. Ikalia ka!

"Haya, vuta," nikasema.

Akavuta, nikaenda naye mpaka ukutani. Akavuta tena, nikarudi. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikajisikia kama niliyeshinda uchaguzi. Chini yake msumari ulikuwa mtupu, nikatungua ufunguo uliokuwa karibu. Haukuingia. Nikaugeuza, haukuingia. Nikajaribu wa kufuli ya jirani, na wa jirani yake, na mzee akaacha kutikisa kichwa.

Mzee Fulgensi akaingia na benchi. Akatuona. Akaliweka benchi chini polepole sana.

"Mwalimu, unajua kusoma?"

"Najua, mzee."

"Soma hapo."

Kipande cha boksi kilikuwa kimejificha nyuma ya mnyororo. Nikakisoma kwa sauti, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa: "Usifunge. Hii ni ya mtumbwi wa mdogo wangu. Aliifungua asubuhi akaondoka na ufunguo wake. Mto haukumrudisha."

Jamani. Mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi kila siku wasome maelekezo kabla ya kujibu.

Mzee Fulgensi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliingia chumba cha pili akatoka na msumeno wa chuma, akapiga magoti, akashika mnyororo. "Wageni hawawezi kukaa hivi," akasema. Nikamtazama, nikaona kabisa kwamba atakata, na kwamba akikata sitaweza kupita tena mbele ya nyumba ile.

"Mzee, usikate," nikasema. "Mimi ndiye niliyefunga, mimi ndiye nitakayefungua. Hata kama itanichukua mpaka jioni."

Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimefungwa peke yangu. Nikamgeukia Mzee Masanja, mtu mwenye ndama wagonjwa wanaosubiri dawa. Alikuwa anautazama ule msumeno.

"Haikatwi," akasema.

Mzee Fulgensi akampigia simu Fundi Skola, mama anayechonga funguo kule stendi. Akajibu kwamba jiwe lake la kunolea na jiliwa la kubania chuma havibebeki, tumfuate. Na kutoka pale mpaka stendi, ndugu zangu, njia inapita sokoni.

Tukafunika mikono kwa shuka la mzee, tukaingia. Kwetu mkwe hupishwa njia, na mimi natembea naye bega kwa bega kama maharusi, akienda kulia naenda kulia, akisimama kukwepa toroli nasimama. Hatukufika mbali, shuka likanasa kwenye kikapu cha mama muuza samaki wa perege, likaanguka.

"Mwalimu kakamatwa!" yule mama akapiga kelele.

"Kamharibia mtu binti," mwingine akadakia.

"Hapana, ng'ombe wameingia shambani kwao, mwalimu ndiye kamkamata mfugaji!"

Hilo la mwisho likaruka kama moto kwenye nyasi. Mwanamume mmoja akaja mbele na jembe begani, akasema, "Usimwachie, mwalimu! Mpeleke, alipe!" Na mara upande wa pili wakatokea vijana watatu wenye fimbo, wakamwita mzee kwa Kisukuma, na mmoja akanishika kola. Watu wakaanza kusogea, wengine wa huku, wengine wa kule, na lile jembe likashuka begani.

Ningeweza kunyamaza nikaendelea kutembea. Lakini niliona jinsi watu wawili wajinga watakavyoumizana kwa ajili ya ujinga wa mtu wa tatu. Nikapanda juu ya kreti la soda, mkono wa mzee ukapanda nami.

"Sikilizeni!" nikapaza sauti ile ya mstarini shuleni. "Hakuna aliyekamatwa! Huyu mzee namwomba binti yake! Nilitaka kumfurahisha, nikamfunga kufuli kwa mikono yangu mwenyewe, nikakuta haina ufunguo! Sasa tunakwenda kwa fundi!"

Mara yule mama wa perege akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na soko zima likamfuata. Kijana akaachia kola yangu, akaikunjua vizuri kabisa. Mwenye jembe akafuta machozi akasema, "Pisheni, wapite wachumba," na tangu siku hiyo, nikienda sokoni, hilo ndilo jina langu.

Tukaendelea kutembea.

Fundi Skola akaikagua kufuli, akailaza mikono yetu juu ya meza yake, akachukua kipande cha shaba na tupa, akaanza: anasugua kidogo, anaingiza, anachungulia, anasugua tena. Saa nzima ikapita. Ndipo Mzee Masanja aliponong'ona, "Mwalimu. Choo."

Choo cha stendi kina mama anayekaa mlangoni. "Mmoja mmoja!" akasema. Nikamwonyesha mnyororo. Akatazama mnyororo, akatutazama sisi, akageuka upande mwingine. Ndani nikaelekea ukutani, macho nimefumba, mkono mmoja umenyooshwa nyuma kama wa mtu anayeombewa.

"Imba," mzee akasema.

"Niimbe nini, mzee?"

"Chochote. Kwa sauti."

Nikaimba wimbo wa mchakamchaka wa shuleni, beti zote, na nje nikasikia sauti za watoto zikiitikia. Wanafunzi wangu. Wanne. Jumatatu yake shule nzima ilijua.

Tuliporudi mezani ndipo mzee alipoanza mazungumzo yenyewe.

"Baba yako anasemaje kuhusu jambo hili?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima: amefurahi sana, anawasalimu. Lakini mkono wangu ulikuwa umelala juu ya mkono wake, nikaona atausikia uongo kabla haujatoka mdomoni.

"Hataki, mzee," nikasema. "Kuna mwaka ng'ombe waliingia usiku wakamaliza mpunga wake wote. Mwaka huo dada yangu aliacha shule. Anasema hawezi kukaa meza moja na mfugaji."

Fundi Skola akapunguza kusugua.

"Ng'ombe wa nani?" mzee akauliza.

"Hakujua. Aliona nyayo tu."

Akakaa kimya muda mrefu, na safari hii sikukigusa kimya chake. Mwishowe akasema, "Wangeweza kuwa wangu. Mwaka wa ukame nilipoteza kundi siku mbili. Sikuuliza walikula wapi."

Fundi Skola akaingiza kile kipande, akakizungusha kwa vidole viwili, pole pole, na kufuli ikafunguka.

Mara Kabula akatokea, ameletewa habari na nusu ya mji, anahema, kiatu kimoja mkononi. Akatutazama tunavyosugua mikono yetu yenye alama nyekundu. "Nilisema soda," akaniambia. Basi. Akainama akavaa kiatu.

Mzee akachukua dawa zake dukani, akapanda nyuma ya pikipiki, kisha akamwambia dereva asubiri. "Jumamosi ijayo nitakuwa hapa," akaniambia. "Mlete baba yako. Aje yeye, asitume mtu. Tuanze na mpunga."

Jioni hiyo hiyo nilipanda gari la Mbingu. Baba alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili, nikakaa pale pale uani nikamwambia sirudi kazini bila yeye (mwalimu mkuu alinipigia simu mara saba). Siku ya tatu akakubali, na Jumamosi akavaa koti. Walikaa wale wazee wawili tangu asubuhi mpaka alasiri, wakapaza sauti mara mbili, na mshenga tuliyekwenda naye alilala akaamka. Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Baba alitoka akasema, "Ni mtu anayekiri," na kwa baba yangu hiyo ni sifa ambayo hata mimi sijawahi kuipata. Mazungumzo ya mahari yameanza.

Ufunguo mpya, pamoja na mnyororo na kufuli yake, niliupeleka kwa Mzee Fulgensi mwenyewe. Aliupokea kwa mikono miwili, hakuutundika ukutani, aliutia mfuko wa shati.

Nami nimeapa. Mzee Masanja nitamwamkia kwa heshima, nitakaa mbali naye kidogo, mikono magotini, na akinyamaza nitanyamaza naye mpaka jua lizame. Kimya cha mkwe si shimo, na hakuna aliyeniajiri nikifukie.