Funda la Kwanza

Mimi nina ulimi mkorofi. Chakula kikiwa kibaya nasema ni kibaya, na bia ikiwa mbaya nairudisha kaunta hata kama anayenilipia ni bosi. Basi nilipoalikwa Kiembeni kumuaga mfanyakazi mwenzetu, nikaambiwa huko kuna mtu anayepika bia yake mwenyewe nyuma ya nyumba, nilikwenda nimeshajiandaa kucheka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na bia niliyoijua ni ile ya chupa, ambayo ukionja moja umezionja zote.

Mpishi alikuwa jamaa mnene, mtaratibu, mzaliwa wa huko huko upande wa Kisauni, mwenye sauti ya chini na aproni yenye madoa. Aliniwekea glasi ya bia ya ukwaju.

"Hebu onja, dadangu, kisha unambie. Usinihurumie."

Nikaonja, nikanyamaza. Wenzangu walidhani imenishinda, wakaanza kunitania. Kumbe nilikuwa nimeduwaa. Ukwaju ulikuwamo, ule ule wa juisi tunayonunua jioni za Ramadhani, lakini ulikuwa umekaa nyuma kwa adabu na kuiacha shayiri ipite kwanza. Uchungu ulikuja mwisho, ukaondoka, na mdomo ukabaki safi ukitaka tena. Niliwahi kula vizuri na kunywa vizuri maishani, lakini sikuwahi kukutana na kinywaji kilichonifanya nikitazame ndani ya glasi kuona ni nani aliyemo.

Akaniletea ya pili, nyeusi, ya nafaka iliyokaangwa. Hiyo sikuwahi kuifikisha mdomoni. Nilipoisogeza puani tu, nikaiweka chini na kushika meza, kwa sababu ilinukia kama uani kwetu.

Kwetu ni Changamwe, nyumba ya vyumba vya kupanga, kila familia na chumba chake, uani ni pa wote. Mama alikuja kutoka magharibi ya Kenya akimfuata baba aliyepata kazi kiwandani. Baba alipofariki, mama alitulea kwa kupika na kuuza busaa, pombe ya nafaka ya kwao. Alikanda unga wa mahindi kwa maji, akauacha uchachuke, kisha akaukaanga juu ya bati pana lililotegwa kwenye mawe, akiugeuza kwa koleo mpaka ukawa chenga za kahawia. Chenga hizo zilitiwa kwenye pipa pamoja na maji na kimera cha wimbi, pipa likafunikwa gunia. Jirani yetu, bibi wa Kiislamu aliyekuwa akituletea mahamri kila sikukuu, alipita uani siku za kukaanga akiwa ameziba pua kwa mtandio, na bado akishindwa kujizuia.

"Haramu yako hiyo, jirani," alikuwa akimwambia mama, "lakini wallahi yanukia kama mkate."

Kulikuwa na sheria moja pale uani. Mtu hakupewa busaa kabla mama hajainywa mbele yake. Si kuonja kwa ncha ya ulimi. Alichota kopo, akasimama mahali ambapo wateja wote walimwona, akapiga funda moja kubwa na kumeza, na koo lake likaonekana likishuka. Ndivyo walivyofanya kwao: aliyeshika mwiko ndiye anayekunywa kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu wala uchafu. Mtu mwingine hawezi kumnywea, maana hajui kilichoingia chunguni. Na kutema hakuna. Ukitema, alisema mama, umemtemea mgeni. Makuli wa bandarini, wanaume wenye mabega kama milango, walikuwa wakinyamaza kimya mpaka koo la mama lishuke, ndipo kelele zianze.

Halafu mama akaokoka. Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Wateja walikuja kumbembeleza, wakasimama uani na makopo yao mikononi.

"Wewe usinywe, Mama," walimwambia. "Sisi tunakuamini. Tupimie tu."

"Kama mimi siwezi kuimeza, nyinyi nawapa nini?" mama akawajibu, na pipa likapinduliwa likawa kiti cha kukalia.

Askari walikuwa wamelimwaga pipa lile mara nyingi na hawakuweza kumwachisha. Alijiachisha mwenyewe kwa ajili ya funda moja. Akaanza kukaanga viazi karai, na mimi nikamnunia muda mrefu, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vya kawaida tu na busaa yake haikuwa ya kawaida.

Sasa pale Kiembeni, na glasi nyeusi mbele yangu, nilimuuliza yule jamaa kama anaweza kunifundisha. Alidhani ni maneno ya pombe. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake nimefunga leso kiunoni.

Ukitaka kunisikia nikijigamba, niulize juu ya bia za mikono za huku bara ya Mombasa. Watu wanaziita krafti, na wanadhani ni mambo ya watalii wa hotelini. Waje waone. Yuko mwanamke wa Port Reitz anayepika bia ya embe dodo msimu wa maembe tu, na msimu ukiisha hata umpigie magoti hakupi. Wapo mume na mke wanaochemsha mabuyu mpaka bia inatoka na ukali mwembamba unaokukuna nyuma ya taya. Tunaonjana bila huruma. Nimewahi kuambiwa bia yangu ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria, na aliyeniambia alikuwa na haki. Kila nikikaa na watu hawa nashangaa upya: nafaka, maji, hamira na siku za kungoja, basi, na kinachotoka hakifanani na chochote kilichoingia. Nimesoma jinsi inavyotokea na bado siamini.

Bia yangu mimi ni ya wimbi, na mahindi yaliyochachushwa na kukaangwa kama ya mama. Nilimwaga vyungu vingi kabla sijapata kimoja cha kuwapa watu. Nilipokipata, nilisimama uani kwa jamaa wa Kiembeni nikanywa mimi kwanza, wakiniangalia, kisha nikawapimia. Sikufikiria hata kidogo, mwili wenyewe ulifanya. Watu walipenda. Ikawa wakija wanasubiri funda langu, na mimi nikawa nameza hadharani kwa kila chungu kipya kama mama.

Mama alizijua habari hizo. Hakunikataza. Alisema tu, "Ubarikiwe, mwanangu, lakini huko miguu yangu haifiki." Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani kwao, na nilimwelewa.

Nikaacha kazi ya ofisi. Nikapanga duka Mikindani, nikahangaikia leseni mpaka viatu vikaisha soli, nikanunua mapipa ya chuma, nikatangaza siku ya kufungua. Ndipo nikagundua nina mimba.

Nieleze vizuri. Mimi na mume wangu tulikuwa tumengoja mtoto mpaka tukaacha kuzungumzia. Nguo za watoto nilizowahi kununua nilikuwa nimezigawa zote. Kwa hiyo muuguzi aliponiambia pale kliniki kwamba pombe nisiguse hata tone, nilimkumbatia, nikalia begani kwake, na nilikuwa nimefika nyumbani kabla sijakumbuka duka.

Nani angekunywa funda la kwanza? Mume wangu ni dereva wa lori, hajui hata mwiko unashikwa upande gani. Nilimwendea jamaa wa Kiembeni. Alifikiri sana, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Kwa lolote nitakusaidia, dadangu, ila hilo silo langu," alisema. "Mkono wangu haumo mle. Na watu wako watajua."

Wengine waliniambia niache ushamba, mtu anayekuja dukani anataka glasi baridi, hataki tambiko. Pengine walisema kweli. Lakini nilijaribu kujiona nikimpimia mtu kitu ambacho sijakimeza mbele yake, nikashindwa. Nilianza kujiambia nifunge, nisubiri mtoto azaliwe na aachishwe ziwa, ingawa nilijua kwamba duka lililofungwa mwanzoni halifunguki tena. Nilikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yangu na nilikuwa nalia kila asubuhi.

Nilimweleza mama yote. Alikuwa Changamwe, mbele ya karai lake la viazi. Habari ya mtoto alikuwa nayo tayari, na alikuwa ameshaitolea shukrani kanisani. Habari ya funda aliisikiliza bila kuinua macho.

"Utakaanga lini?" akauliza.

"Jumatano."

Akageuza viazi.

Jumatano alitokea mlangoni kwangu Mikindani, leso kiunoni, kitambaa kichwani. Nilishtuka hata nikachelewa kumwamkia.

"Shikamoo, Mama. Kwema?"

"Marahaba. Nimekuja kukaa tu."

Hakukaa. Nilipowasha moto chini ya bati, alininyang'anya koleo. "Moshi huu si mzuri kwa mtoto," alisema, na mimi nikaamini, nikakaa pembeni na mikono mapajani kama mgeni. Akakaanga yeye. Aliugeuza unga bila kuutazama, akiimba pambio chini kwa chini, na mara kwa mara akisimama kunusa, kisha akitikisa kichwa na kuendelea. Nilikuwa nimekaanga mahindi yale miaka kadhaa, nikidhani nimemfikia. Sikuwa nimemfikia. Chenga zangu zilikuwa kahawia, zake zilikuwa na rangi ya mkate ulioiva upande wa chini, na harufu ilijaa duka mpaka wapita njia wakawa wanachungulia. Kisha akachukua mwiko, akakoroga chungu kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka, na kila nilipoinuka kumpokea alinirudisha kitini. Siku za kuchachuka alikuja pia, kila mara akisema amekuja kukaa tu.

Jumamosi ya kufungua walijaa mpaka nje: majirani wa Mikindani, wenzangu wa ofisi ya zamani, watu wa bia wote na midomo yao mikali. Na mbele kabisa alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli, mteja wa mama wa zamani, amekonda sasa, anatembelea mkongojo. Nilijaza glasi ya kwanza. Ilikuwa nyekundu kwa mbali, na povu lake lilikaa. Chumba kikanyamaza, wote wakanitazama koo.

Nilikuwa nimepanga la kusema. Nilitaka kuwaambia kwamba leo hakuna kinywaji, waniwie radhi, warudi mwakani. Nilifungua mdomo, na mkono ukapita begani kwangu ukaichukua glasi.

"Mama," nilimnong'oneza, "umeokoka."

"Mimi ndiye niliyeshika mwiko," alisema, si kwa kunong'ona. Akawageukia watu. "Huyu binti yangu ni mjamzito. Chungu hiki nimekaanga mimi na nimekoroga mimi. Mkono wangu umo."

Akanywa. Funda moja, kubwa, kama zamani, na koo lake likashuka. Nimeona meli ndefu kuliko mtaa zikiingia bandarini, na sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya koo la mama yangu. Yule mzee wa mkongojo alivua kofia yake. Mama alikaa na ile ladha kwa muda, macho yamefumbwa, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu utotoni.

"Imeiva," akasema. "Wape watu."

Akanirudishia glasi, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla kelele hazijaanza.

Kesho yake nilimfuata kanisani. Wakati wa ushuhuda alisimama bila kuitwa, akasema alichofanya, kwa maneno machache, wala hakunitaja. Wazee wa kanisa walimpumzisha uongozi wa kina mama kwa muda. Alikivua mwenyewe kitambaa cha kichwani wanachovaa viongozi wa kina mama, akakikunja vizuri, akaja kuketi nami kiti cha nyuma. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kama anajuta.

"Kwa Mungu wangu nimetubu, hiyo ni yangu na yeye," alisema. "Kwako sijuti. Usiniulize tena."

Sijamuuliza tena. Vyungu vyote vya miezi ile aliviongoza hivyo hivyo: alikuja, akakaanga, akakoroga, akameza, na Jumapili akarudi kiti cha nyuma. Watu walikuja kutoka Likoni kunywa chungu kilichomezwa na mama aliyeokoka, na wengine, nakiri, walikuja kumwangalia tu. Kisha mtoto akazaliwa, msichana, na alipoachishwa ziwa nilirudi kwenye funda langu. Mama alirudishiwa kitambaa chake, na tangu siku hiyo hajaonja tone jingine.

Lakini kila ninapofungua chungu kipya anakuja. Haingii. Anaweka kiti nje, mkabala na mlango, mjukuu wake mapajani, na ananitazama nikiinua glasi. Anamwelekeza mtoto kwa kidole pale penye koo langu, na hainuki kwenda kanisani mpaka amehakikisha nimemeza.