Zamu ya Jua la Utosi

Miaka michache baada ya mapinduzi nilikuwa karani katika kinu cha mafuta ya nazi, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kupanga saa: kila mashine ifanye kazi saa ngapi na ipumzike lini, ili ofisi ijue inaweza kuahidi madebe mangapi ya mafuta. Boila ilitaka saa nzima kupata moto, Ijumaa watu walikwenda msikitini, na mashine ya kukamulia isiposafishwa huziba. Nikaandika saa sita na nusu kwa siku.

Akaja mkuu mpya, akaifuta hesabu yangu, akaandika saa kumi.

"Bwana mkubwa, boila..." nilianza.

"Mimi sikukuuliza boila."

Mwezi ukaisha, madebe hayakutimia. Mbele ya wafanyakazi wote akaninyooshea kidole. "Mvivu ni huyu. Yeye ndiye mpanga saa." Siku ile ile nikapelekwa uwanjani kugeuza mbata, zile nyama za nazi zinazoanikwa zikauke, juani.

Mama mmoja mtu mzima, niliyegeuza naye, aliniambia, "Mwanangu, mwachie Mungu."

"Nshamwachia, Bi mkubwa. Lakini na mimi nnaandika."

Nilikuwa na daftari kiunoni. Uwanja ulipakana na kinu. Mlio wa mashine ukikatika nilisikia, nikaandika umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi, na sababu, nikiwauliza wa ndani wakitoka. Miezi mitatu sikuruka siku.

Wakaja wakaguzi wa serikali. Mkuu akawaonyesha ratiba ya saa kumi ukutani. Nikaingia na vumbi langu, nikamkabidhi kiongozi wao daftari. Alisoma, akatazama ukutani, kisha akauliza, "Ratiba hii ya nani?"

Mkuu akanitazama mimi. Lakini sahihi ya chini ilikuwa yake.

Wakanirudisha ofisini, yeye wakamshusha uwanjani. Ningeweza kuishia hapo. Sikutaka. Saa za uwanjani nazo nilizipanga mimi: wengine wote niliwapumzisha kuanzia adhuhuri, yeye nikamwekea zamu ya peke yake, saa sita hadi saa tisa. Ramadhani ikaingia, zamu hiyo sikuigusa.

Siku moja alikuja dirishani, midomo imempasuka.

"Ndugu yangu, nipe asubuhi. Nimefunga."

"Asubuhi imejaa," nikamwambia. Haikuwa imejaa.

Yule mama alikuwa akipita, akasikia. Nilipomwamkia "Shikamoo, Bi mkubwa," aligeuza uso, akaenda zake na pakacha lake.

Baada ya sikukuu yule bwana aliomba uhamisho, akaenda Pemba. Sikumuaga. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama sioni haya, mtu aliyefunga vile. Nilimjibu kuwa haya niliimaliza siku niliyonyooshewa kidole. Nimezeeka sasa, na kila nikijaribu kujuta, naikumbuka ile midomo, na moyo unatulia.