Mama Dorkasi wa Mlango wa Stoo

Kau, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini, ndiko alikozaliwa Dorkasi Habone mwaka 1961, mtoto wa wakulima wa Kipokomo. Alibatizwa akiwa msichana, akaolewa, akafiwa na mume, akahamia upande wa Garsen na kuishi kwa kuuza ndizi. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Sisi tuliomjua hatuna subira hiyo.

Wito wake ulimjia mwaka 2017, kwenye zahanati alikokwenda kuchukua vidonge vya presha. Siitaji jina; ziko nyingi za namna hiyo. Wagonjwa huko hupanga kandambili zao mlangoni tangu alfajiri, kila jozi ikimshikia mwenyewe nafasi, nao huketi kivulini. Siku hiyo aliona kandambili za watu waliovuka mto zikisukumwa nyuma kwa mguu ili jamaa za wakubwa wapite. Akazirudisha moja moja, akaketi kando yake. Tangu hapo alikuja kila siku ya kliniki kuzilinda, wala hakuuliza ipi ni ya Mpokomo na ipi ya Muorma, katika sehemu ambayo watu walikuwa wamechinjana miaka michache tu nyuma. Waliomcheka walikuwa wengi, wazee wa kanisa wakiwamo.

Jaribu lake kubwa lilikuja Mei 2024, mafuriko yalipopungua na mbu wakajaa. Batula, mama wa Kiorma, alifika amembeba mwanawe Nuh wa miaka minne, mwili unawaka, macho yamegeuka kwa degedege. Daktari wa zamu hakuinuka hata kitini. "Sindano za malaria zimeisha," alisema. "Kanunue duka la dawa." Duka lenyewe, lililo ng'ambo ya barabara, lilikuwa lake, na hapakuwa na asiyejua. Siku hiyo hata hilo lilikuwa na kufuli, maana muuzaji alikuwa amekwenda Malindi. Yaani mtoto wa watu afe kwa sababu muuzaji yuko Malindi!

"Mama, mtoto yangu nakufa," Batula alimlilia Dorkasi. "Huyu nasema dawa hapana."

Dorkasi alimpokea mtoto, akaenda akasimama mbele ya mlango wa stoo ya dawa. Daktari akamfokea kwamba hapo si kanisani na kwamba angeita polisi. Maneno aliyojibu yanakumbukwa mpaka leo: "Waite, mwanangu, na wao waje waone. Kama dawa zimeisha, stoo ni tupu. Fungua tuone."

Wagonjwa wote wakainuka, hata wasioweza kusimama sawasawa, wakamzunguka. Hakuna aliyemgusa yule daktari. Alitoa ufunguo mwenyewe, akafungua. Masanduku yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Nuh alidungwa sindano hapo hapo, na kesho yake asubuhi aliomba maziwa.

Daktari aliadhibiwaje? Alihamishwa. Naye Dorkasi alipigwa marufuku kuingia uani mwa zahanati, ati anachochea watu. Akakaa nje ya ua, akiwashauri wagonjwa kupitia uzio. Februari 2025 aliambiwa vidonge vyake vya presha vimeisha. Kwa ajili yake mwenyewe hakupata kusimama mlangoni kamwe; alisema asante, akarudi nyumbani, na kabla mwezi haujaisha kiharusi kikamuua. Wapo wanaousifu unyenyekevu huo. Mimi unaniuma na kunikasirisha, na nimemwambia hivyo kaburini pake. Alizikwa na Wakristo na Waislamu pamoja, na Batula ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote.

Sasa waumini wamenijia, wakitaka niandike kwamba stoo ilikuwa tupu kweli, ila kwa maombi ya Mama Dorkasi ikajaa dawa. Wameshaanza hata kuitungia wimbo. Siandiki. Habari hiyo ni tamu, na itampendeza kuliko wote yule aliyeficha dawa, kwa kuwa inamfanya kuwa mkweli. Malaika hawakuleta masanduku yale. Yaliletwa na lori, mchana kweupe, wiki ile ile, na nusu ya parokia tulikuwa kando ya barabara tukilitazama likishusha. Yule daktari aliposema zimeisha, tulitikisa vichwa tukasema ni mapenzi ya Mungu. Dorkasi peke yake hakumsingizia Mungu. Anayetaka kumfuata na aanzie hapo.