Insha ya Kushindwa na Mkate wa Kumimina

Kwetu Mpendae mtu akiulizwa biashara inakwendaje, jibu ni moja: "Alhamdulillahi." Ikienda vizuri husemi, unaogopa jicho. Ikienda vibaya pia husemi, unajisitiri. Duka likifungwa, mwenyewe "kapumzika kidogo," na mapumziko hayo yanaweza kuchukua umri mzima bila ya jirani kuuliza. Nimekulia katika adabu hiyo. Basi fikiria hali yangu siku nilipofungua tovuti ya chuo kimoja cha biashara cha ng'ambo, chuo nilichokitamani mpaka nikawa nayaota majengo yake, nikakuta wanataka insha: elezea mara moja uliposhindwa, na namna ulivyobadilika baada ya hapo.

Khe! Watu hawanijui, hawajanikaribisha hata maji, washataka niwavulie nguo.

Lakini nafasi ilikuwa na ufadhili wote. Bila ya ufadhili huo ningebaki kwenye duka la viungo Mji Mkongwe, nikiwaeleza watalii kutwa kwamba hiliki haiwashi. Nilitaka kuondoka. Nasema wazi, nilitaka mpaka nikawa mkali nyumbani, nikiulizwa neno dogo najibu kwa kelele.

Na kushindwa nilikuwa nako. Mimi na mama tulikuwa na biashara ya mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi. Mama akipika, mimi nikitafuta wateja, na mteja wetu mkubwa alikuwa hoteli moja ya Uroa iliyokuwa na usiku wa chakula cha Kizanzibari kila wiki. Gari yao ilikuja kuchukua mikate baada ya alasiri. Ikaingia Ramadhani. Siku moja nilikuwa dukani, mama yuko peke yake nyumbani, mikate imeiva na imepangwa kwenye masinia, na gari haionekani. Simu ya dereva haipatikani. Jua likateremka. Mtaa mzima umefunga, na harufu ya hiliki na tui la nazi inatoka kwetu tangu adhuhuri. Mama akafanya ambalo kila mama wa mtaa ule angelifanya: akaikata mikate, akaifunika kawa, akaanza kuipeleka nyumba kwa nyumba. Sinia zima likenda msikitini.

Nilipofika nyumbani adhana ilikuwa imeshamalizika. Nikamkuta anaosha masinia, uso unamng'aa.

"Mikate iko wapi?"

"Watu wanafutari," akanijibu. "Ulitaka ilale?"

Gari ilikuja watu wakitoka kusali magharibi. Ilikuwa imeharibika njiani, akasema dereva, na porini kule simu haikushika. Hoteli hawakuagiza kwetu tena. Mama akasema haikuwa riziki yetu, akatandika mswala. Mimi nikaenda kulia chooni.

Hiyo ndiyo niliyoiandika. Mshauri wangu alikuwa kijana wa bara aliyemaliza chuo hicho hicho, akijitolea kuwasaidia waombaji. Tulikutana kwenye mgahawa wa juu darini Mji Mkongwe, pahala ambapo chai inaletwa na jani la mnanaa ili isionekane ni chai tu. Akasoma rasimu yangu, akairudia, akavua miwani.

"Dada yangu, hapa sioni aliyeshindwa. Gari imeharibika, adhana imeadhiniwa, riziki haikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Kwenye insha, dada!"

Akanifunza. Chuo kinataka kushindwa kwa kiasi: kusiwe kudogo wakaona unawachezea, kusiwe kukubwa wakaogopa. Ukianguka aya ya pili, aya ya tatu ushainuka, unajipangusa vumbi. Kulia ruhusa, ila kidogo. Riziki itolewe. Na mama atolewe, kwani kiongozi hafanyi biashara na mama yake, aitwe "mfanyakazi mwandamizi." Kisha akaniuliza baada ya hapo kulitokea nini. Nikamwambia kwamba waliofutari kwa mikate ile walianza kuja kuagiza wenyewe, mkate wa harusi, wa maulidi, wa Idi, na mpaka leo jiko letu halipoi.

Akapiga meza, chai ikamwagika. "Dada! Hiyo ni kampeni ya kuonjesha wateja!"

Basi nikaandika. Mfanyakazi mwandamizi hakufuata utaratibu wa kukabidhi bidhaa. Nikabeba dhamana kama kiongozi. Nikaligundua soko la ndani. Nikazindua mkakati wa kuonjesha. Wallahi ilikuwa insha nzuri. Nilipoisoma nilimpenda yule mwanamke wa kwenye insha, ningekutana naye njiani ningempa shikamoo.

Mama akataka nimsomee kwa Kiswahili. Alikuwa amekaa uani anachagua mchele. Nikajaribu kukwepa, nikasema ndefu, akasema ana mchele mwingi. Nikasoma. Akasikiliza mpaka mwisho bila ya kuinua macho kwenye ungo.

"Huyo mfanyakazi ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mlinifukuza?"

"Hapana. Ulipewa mafunzo."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akaanza kuuokota punje kwa punje. "Mwanangu, Mungu kakusitiri, weye unakwenda kujifichua kwa watu usiowajua. Haya. Lakini sikujua kama kulisha watu ndiko kushindwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Hata hivyo niliituma vile vile. Nilikitaka chuo.

Wakaniita kwenye usaili, kwa video. Mtandao kwetu unashika vizuri ukumbini tu, na mama alikataa katakata kutoka. Akakaa mkekani, nyuma ya kompyuta, tasbihi mkononi, ananisomea dua na kunipulizia kila nikimeza mate. Kwenye kioo walikuwa mwanamke mmoja wa makamo na bwana mmoja kimya. Mwanamke akauliza: nikirudishwa siku ile ya mikate, ningefanya nini tofauti? Jibu la swali hilo nilikuwa nimelihifadhi wiki nzima. Mkataba wa maandishi, dereva wa akiba, jokofu. Nikafungua mdomo.

"Wanauliza nini?" akasema mama, kwa sauti ambayo yeye anaiita kunong'ona.

Mwanamke akauliza niko na nani. Nikatamani mkeka unifunike. Nikasema ni mama yangu, na kwa kuwa uongo ulishaanza kunichosha, nikaongeza kwamba ndiye mfanyakazi mwandamizi wa kwenye insha. Yule bwana kimya akacheka. Mwanamke akasema: basi muulize yeye.

Nikamuuliza. Mama akafikiri sana, kidole kimesimama kwenye tasbihi.

"Waambie ningelianza kugawa mapema. Adhana ilinikuta njiani. Nyumba ya mwisho, ya yule bibi anayekaa peke yake, sikuiwahi. Nilipofika sinia lilikuwa tupu, nikamkuta anafutari kwa maji. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake naona haya."

Mimi muda wote ule nimeililia hoteli, kumbe yeye ana lake analolilia, na hakulitaja hata siku moja. Nikatafsiri neno kwa neno. Jibu la jokofu likabaki tumboni. Wale watu wakaandika, wakashukuru, kioo kikazima. Nikamwambia mama basi, nafasi nimeikosa. Akasema, "Alhamdulillahi," akenda zake jikoni.

Jibu lilikuja mchana mmoja, na nilikuwa nimeipata. Nikapiga kelele. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Nyamaza! Usimwambie mtu mpaka upande ndege."

Kwa hiyo kushindwa kwangu kunajulikana ng'ambo ya bahari, na kufaulu kwangu hakuna ruhusa ya kuvuka ukuta wa uani. Nikacheka huku nalia. Naye akalia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kanga, akasema unga umeshaumuka.

Akapika mikate jioni ile, nami nikabeba sinia. "Tukiulizwa tuseme nini?"

"Tumepika tu."

Nikageukia mlango wa jirani wa karibu, kama tulivyozoea. Akanishika mkono akanivuta. Tukaupita mlango ule, na unaofuata, na mwengine, watu wanatutazama barazani na sinia limejaa linafuka, mpaka tukafika nyumba ya mwisho, na mama akapiga hodi.