Mashua Iliyopita Embu

Baba yangu hakuwahi kuona maji mapana kuliko Mto Kathita wakati wa masika, na bado ndiye aliyepewa mashua ya baharini aitengeneze. Jambo hilo lilinichekesha wakati ule na linanichekesha mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wa msituni. Baba alikuwa seremala katika karakana ya barabara mjini Meru, si mbali na Makutano, akichonga mbao za madaraja na mapipa ya maji. Tuliishi wawili tu katika nyumba za wafanyakazi, yeye na mimi, binti yake aliyekwisha kuwa mkubwa. Mama alikuwa amekwenda kwao Embu kumzika mama yake, na akiwa huko ikatoka amri kwamba hakuna kuvuka wilaya bila kibali. Kila baba alipokwenda kuomba kibali aliambiwa arudi baadaye. Mahindi tuliyopanda na mama tuliyala, tukapanda mengine, tukayala hayo pia. Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Alilala upande wa ukutani tu, akaacha upande wa mama wa kitanda umetandikwa vizuri, nami nilimkasirikia kwa hilo kwa sababu lilinitoa machozi kila nikifagia.

Mwenye mashua alikuwa Mzungu msimamizi wa barabara, mtu mrefu wa hasira za karibu. Aliinunua Mombasa kwa mtu aliyeichoka, akaipandisha kwa lori hadi kwetu ili itengenezwe mbele ya macho yake. Mkataba wake ukiisha, yeye na mkewe wangerudi kwao kwa tanga. Watu wa karakana walisema jua limempiga kichwani.

Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Haikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, lakini ndani mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, kabati zenye komeo ili sahani zisiruke, na jiko dogo la mafuta ya taa lililoning'inizwa kwa vyuma viwili. Ukiitikisa mashua, jiko linabembea na sufuria inabaki wima. Nilikuwa napanda kuitikisa kwa mguu, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Shida ilikuwa mbao. Zilikuwa zimekauka huku juu milimani mpaka zikaachana. Dereva wa lori la karakana, Mwislamu wa pale mjini ambaye babu zake walitoka pwani, ndiye aliyemfundisha baba kalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao. Baba alishindilia kwa majuma, mashua imeegemezwa kwa magogo uani. Siku moja, pamba mkononi, akamwambia msimamizi, "Bwana, ukienda Mombasa, hii mashua ipite Embu."

"Njia ya Nanyuki ni bora. Ya Embu ni makorongo matupu."

"Bibi yangu iko Embu. Mimi nakaa ndani ya mashua, naishikilia. Halafu narudi na bibi na lori ya barabara."

 Msimamizi akasema kwamba mashua isipovuja hata tone, atatafuta vibali na itapita Embu. Ikivuja, inakwenda Nanyuki, na baba abaki na randa yake.

Basi baba akafanya lile ambalo fundi yeyote wa kwetu angelifanya. Kibuyu kipya hujaribiwaje? Unakijaza maji, unakiweka, unatazama kama kinatoa jasho. Pipa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo akaita akina mama wote wa nyumba zetu, nami mbele yao, tukashuka Kathita na madebe na mitungi, tukaijaza mashua ile.

Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Tulikuwa tumezoea kwenda mtoni kimya, homugadi, mlinzi wa serikali, nyuma yetu na bunduki. Siku hiyo tuliimba nyimbo za mavuno, tukipokezana madebe hadi juu, na homugadi mwenyewe akaishia kuegemeza bunduki yake ukutani ili apokee mitungi. Maji yalifika kwenye vitanda. Baba alizunguka chini akipapasa mbao kwa kiganja. Pakavu. Pakavu. Uso wake uling'aa.

Dereva akaingia na lori lake, akatuona, akashika kichwa. "Mzee wangu, chombo hiki kimeumbwa kuzuia maji ya nje. Hayo ya ndani yatakivunja miguu."

Alikuwa bado anasema wakati magogo ya upande mmoja yalipodidimia katika udongo mwekundu. Mashua ikainama taratibu, ikalala juu ya migomba, na maji yetu yote yakamwagika uani na kuchukua magodoro ya vitanda vya msimamizi, kuku wawili na kiatu changu. Naye msimamizi alikuwa amesimama langoni.

"Unafanya nini?"

"Najaribu kama inatoa maji," baba akasema, amelowa mpaka kiunoni.

 Msimamizi aliizunguka mashua, akapapasa kila ungio, akaondoka. Juma lile zima baba hakula chakula cha maana, nami sikuthubutu kufagia karibu na kitanda. Tulijua imekwisha kuwa Nanyuki.

Kisha msimamizi akarudi na bunda la pamba chini ya kwapa. "Ubao mmoja umevuja, karibu na mkuku," alisema, akigusa uti wa chini wa mashua. "Mwingine wowote haukutoa tone. Utengeneze huo, halafu tutapita Embu." Akaongeza, bila kucheka, kwamba magodoro ni juu yetu, na mimi nikayaanika kwa furaha kama mtu anayeanika nguo za harusi.

Baba akautengeneza ubao, vibali vikatoka, changu pia, tukaondoka asubuhi moja, mashua imefungwa juu ya lori, dereva na msimamizi mbele, baba na mimi ndani ya mashua. Barabara ilishuka makorongo na kuyapanda, lakini baada ya Chuka nilipiga moyo konde, nikawasha lile jiko na kuchemsha chai. Jiko likabembea. Chai haikumwagika. Baba alishikilia mlingoti uliolazwa na kulitazama jiko lile kwa heshima kubwa.

Mama alikuwa amesimama nje ya lango la kijiji chao, nje ya handaki lililokizunguka, amekonda, jembe begani. Lori likasimama. Baba akatoa kichwa kwenye mlango wa juu wa mashua. Baada ya misimu yote ile, neno la kwanza alilomwambia mkewe lilikuwa, "Haivuji."

Mama aliweka jembe chini. "Dereva aliniletea salamu kwamba mume wangu atakuja kwa mashua," alisema. "Nikadhani ni njia yenu ya kuniambia nisingoje tena."

 Baba akamnyooshea mkono, akampandisha. Mama akakaa kwenye kile kitanda chembamba, akatazama kabati, akatazama jiko, nami nikampa kikombe kikiwa bado cha moto. Akanywa. Akasema sukari ni kidogo, kama alivyosema kila asubuhi ya maisha yangu, na hapo nikalia kwa sauti, mbele ya homugadi wa langoni na Mzungu, bila haya yoyote.