Mwari Ndani ya Gari la Kioo

Kuna siku moja naikumbuka kwa jasho lake, mwanangu, wala si kwa vigelegele, na siku yenyewe ilikuwa ya harusi yangu.

Nimechoka kukueleza jambo hili, Salimu. Lakini jana umenionyesha tena kwenye simu yale magari ya majaribio ya Wazungu wa zamani, waliyosema ndiyo magari ya kesho: mikia kama ya papa, paa la kioo kama bakuli lililofudikizwa. Ukasema utaunda moja hapa Ngamiani, umpakie Zuhura siku ya harusi yenu. Nikakuuliza kama mwenyewe anajua. Ukanijibu, "Bibi, hiyo ni sapraizi." Ikabidi nikae chini.

Marehemu babu yako Athumani alikuwa fundi bodi za magari, na magari hayo hayo aliyaona katika jarida kuukuu alilosahau mteja. Basi hakutulia tena. Akatafuta gari bovu, akalikata paa, akaunga vioo vya basi juu yake na kuvibana kwa mpira pande zote. Dirisha la kufungua hakuweka, kwa kuwa kwenye picha halikuwapo. Mimi sikuulizwa. Nililiona gari siku niliyotiwa ndani yake, jua la mchana linawaka, nami nimevishwa buibui na kanga gubigubi.

Sasa nisaidie kufikiri. Somo yangu, Bi Mwanakombo, alikuwa amenifungia ndani ananifunda, hata jirani asinione, kama ilivyo ada ya mwari. Babu yako akanipitisha mtaa mzima ndani ya kioo. Watu wakaacha maduka waje kutazama. Bi Mwanakombo, aliyekuwa akitufuata kwa miguu pamoja na wanawake wenzake, akatupa kanga juu ya paa kunisitiri. Zikateleza mbele, zikamziba macho babu yako aliyeshika usukani, gari likasimama.

"Athumani," akasema, "mwari nimemficha mimi, wewe unamtia kwenye kabati la vyombo?"

Babu yako akashuka, akaziondoa kanga, akaendelea na safari. Nikamwambia nashindwa kupumua. Akanijibu, "Vumilia kidogo, watu wanatazama."

Hatukufika Chumbageni tulikokuwa tukienda. Nilizimia, na Bi Mwanakombo akaokota jiwe akavunja kioo. Nilipozinduka nimelazwa barazani kwa watu, nilimsikia akimwambia babu yako kwa sauti ya chini, "Kiti ulimpimia. Pumzi hukuipima?"  Nilimpenda babu yako, lakini hasira ya siku ile ninayo bado.

Hebu zitazame tena picha zako. Msichana amesimama pembeni ya gari, anatabasamu. Hujanionyesha hata moja ambayo amekaa ndani. Waliounda magari yale walijua ni ya kutazamwa tu, ila wewe na babu yako ndio hamkuelewa.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Ukimtengenezea mtu kitu, muulize yeye kwanza, hata kama utaharibu hiyo sapraizi yako. Na akikwambia ndani kuna joto, simamisha gari. Usimwambie avumilie.

Mungu akujaalie mikono ya babu yako, na masikio ambayo yeye hakuwa nayo. Awape wewe na Zuhura maisha marefu, na dirisha linalofunguka.