Mahindi Yenye Jina la Mama Yangu

Nilifika Kiritiri Jumapili mchana nikiwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Wiki nzima nimesimama kwenye duka la nafaka pale Makutano, Meru, nikipimia watu mahindi na maharagwe, na sasa nimekuja kumchukua binti yangu kwa mama kwa sababu likizo imeisha. Nilichotaka ni kuketi tu. Nikawakuta wawili hao jikoni wameinamia sufuria, wanachemsha mahindi na majivu.

"Usiguse," mama akasema bila kuniangalia. "Hayo ni ya Meksiko."

Kwa hiyo kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshakasirika.

Mama yangu ni nusu Mmeksiko. Najua inavyosikika. Kazini sijawahi kuitamka, kwa sababu nawajua wenzangu, ningepewa jina siku hiyo hiyo. Lakini ni kweli. Nyanya yangu, marehemu, mama ya mama yangu, alikuwa mtu wa hapa hapa Mbeere. Akiwa msichana alipanda kwenda Embu kutafuta kibarua, akakipata kwenye shamba moja la utafiti wa mahindi. Kazi ya wanawake ilikuwa kufunika mahindi kwa mifuko ya karatasi yakianza kutoa maua, ili unga wa ua hili usirukie lile ambalo hawajaliamulia. Aliyewasimamia alikuwa mtu wa kutoka Meksiko. Wao walimwita mzungu tu. Alikaa misimu miwili akarudi kwao, na nyanya akabaki na tumbo. Mahindi yalilindwa vizuri sana katika shamba lile.

Sasa, kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Wa pili ndiye huchukua la mama ya mama. Ukizaa bila bwana, unampa mtoto jina la mama yako mwenyewe, watu wanaelewa, hakuna anayeuliza. Nyanya alikataa kufanya hivyo. Kabla yule mtu hajaondoka, nyanya alimwuliza mama yake huko Meksiko anaitwa nani, akaambiwa, na mtoto alipozaliwa akampa jina hilo, kana kwamba mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika nyumbani. Jina la Kihispania, refu, la kukwamisha ulimi. Sitaliandika hapa. Shuleni walimwita mama Msomali, wengine Mwarabu, kwa sababu ya nywele, na jina walilifupisha mpaka likafanana na letu.

Binti yangu naye analo hilo hilo. Mimi pia nilizaa bila bwana, na nilifuata njia ya kawaida, nikampa jina la mama yangu. Baba yake anaishi Kinoru, nyuma ya uwanja wa mpira. Kutoka dukani kwangu unatembea tu unafika. Jina la mama yake nalijua vizuri, ila sikutaka kulitumia.

Ni binti yangu aliyewapata hao watu. Ana miaka kumi na simu anaijua kuliko mimi. Mama alikuwa ameyashika kichwani majina mawili ya baba yake tangu alipoambiwa na nyanya, na likizo hii mtoto akayaandika kwenye simu yangu ya zamani niliyomwachia mama. Akapata mwanamke wa huko Meksiko aliyekuwa ameweka picha ya marehemu baba yake. Kijana mwenye kofia, katikati ya mahindi yaliyovishwa mifuko ya karatasi, na nyuma yake wanawake wamejifunga vitambaa kichwani. Nasikia mama aliishika ile simu muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu wa tatu ni mama yangu."

Tangu siku hiyo wakawa wanaandikiana. Mtoto anaandika kwa Kiswahili, simu inageuza kwa Kihispania, kule wanajibu, simu inarudisha. Yule mwanamke ni binti mkubwa wa yule mtu. Maana yake alikuwa ameshazaliwa, na mama yake ameshaolewa, wakati baba yao anafundisha nyanya yangu kufunika mahindi. Hilo lilinikaa kooni. Mama halikumkaa popote. Mwanamke alimwita dada, na mama akanipigia simu dukani nikiwa na foleni ya wateja kuniambia ameitwa dada.

"Unataka nini kwao?" nilimwuliza.

"Nataka waseme mimi ni wa kwao. Wakishasema, basi. Sitaki shamba, sitaki kupelekwa kwa ndege."

"Mama, huyo mtu aliwaacha."

"Alitaja jina la mama yake. Mtu hawezi kukupa jina la mama yake kama anakutupa."

"Alitaja kwa sababu aliulizwa."

"Na wewe, yule wako wa Kinoru ulimwuliza?"

Nikakata simu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyo. Mtu aliyevuka bahari akanyamaza maisha yake yote ana udhuru, lakini wa kwangu wa Kinoru ni kosa langu.

Yale mahindi ya sufuriani yalikuwa maagizo ya huyo dada. Unachemsha mahindi na chokaa, unayalaza, unayaosha maganda yatoke, halafu unasaga yakiwa mabichi hivyo, yaani na maji yake, upate kinyunya. Mtoto alikuwa ametumwa kwa hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kununua chokaa akapewa ya kupaka ukuta. Nashukuru Mungu walinipigia kwanza. "Hiyo ni ya kupaka choo," nikawaambia. Ndipo wakatumia majivu, ambayo dada alisema nayo yanafaa. Asubuhi ya siku niliyofika walikuwa wamepeleka ndoo ya kwanza kwa mashine ya posho ikasagwe, na mwenye mashine akachungulia ndani.

"Mama, haya yamelowa."

"Ndiyo. Ndivyo yanavyotakiwa."

"Na nani? Nikiyatia hapa nitakuwa nafungua mashine kuisafisha mpaka Krismasi. Pelekea ng'ombe."

Kwa hiyo wakaazima jiwe la kusagia la jirani, lile la zamani ambalo sasa anaegemezea mlango. Na mimi niliyekuja kuketi nikapewa hilo jiwe, kwa sababu eti mikono yangu bado ni michanga. Mama alipima kinyunya kwa vidole. Mtoto alininyunyizia maji na kunikosoa.

"Mami, unapapasa. Sukuma."

"Njoo usukume wewe."

"Mimi ndiye wa simu."

Kikaangoni tulitoa vitu kama chapati, vinene upande mmoja, vimepasuka pembeni. Mama alivionja akasema vinataka chumvi. Mimi nilisema vina ladha ya ubao wa darasani. Lakini sitadanganya, harufu yake ilikuwa nzuri, na nilikula viwili.

Saa kumi na moja jioni, ambayo kwao ni asubuhi, wakapigiana simu ya kuonana kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alinilazimisha nikae kando yake. Yule mwanamke alipotokea, mimi niliyekuwa nimejipanga kumchukia niliona paji la uso la mama yangu kwenye uso wa mtu mwingine, na nikashindwa kuangalia moja kwa moja. Wao walicheka tu. Mmoja anacheka, mwingine anacheka, hakuna neno hata moja. Mama akainua chapati yake ya mahindi mbele ya kioo. Mwanamke akacheka mpaka akafuta macho, akaandika.

"Anasema hiyo ni gamba la kobe," mtoto akasoma. "Lakini anasema la kwanza la kwake lilikuwa baya zaidi."

Kisha mama akasema, "Mwulize kama anajua jina nililonalo ni la nani."

Mtoto akaandika. Tuliona yule mwanamke akisoma, akisimama, akiketi tena. Alichukua muda kujibu, na jibu likaja refu.

"Anasema," mtoto akaanza, "jina hilo tunalijua tangu tukiwa watoto. Baba alituambia aliacha jina la mama yake Afrika. Alisema alitengeneza mbegu ya mahindi huko akaipa jina hilo. Anasema kila sikukuu baba alikuwa anasema, huko Afrika mama yangu sasa amekua mrefu. Na wao walikuwa wanajua ni mahindi."

"Mahindi?" mama akauliza.

"Mahindi, Cucu," mtoto akamjibu nyanya yake.

Mama alilaza mikono kwenye magoti akaitazama. Ujumbe mwingine ukaingia, na mtoto akausoma polepole zaidi, kwa sababu alikuwa ameanza kuuelewa. Yule mwanamke alisema mama yake bado yu hai, ni mzee sana, moyo wake si mzima, na yumo humo nyumbani. Alisema mzee anajua habari ya mahindi tu. Akaomba, tafadhali, mzee akija mbele ya simu, sisi tuwe watu wanaopanda yale mahindi.

Na kweli mzee akaja. Bibi mdogo kama mtoto, shuka begani, fimbo mkononi. Aliinama mbele ya simu mpaka tukaona pua tu, na binti yake akamsogeza nyuma. Akasema kitu kwa sauti ya kukwaruza.

"Anauliza," mtoto akasema, "yale mahindi ya bwana yangu bado yanafanya vizuri?"

Mama aliisogelea ile sura. Najua alichokuwa akikipima, kwa sababu alikuwa na mdomo wazi kidogo, na jina lake lilikuwa pale pale, lisilohitaji kutafsiriwa. Angelitaja tu na kujigusa kifua.

"Mwambie yanavumilia jua," akasema.

"Cucu, wewe si mahindi."

"Andika, wajina."

Mtoto akaandika kwa kidole kimoja. Mzee alisoma, au alisomewa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaomba atumiwe punje kidogo azipande kwenye kaburi la bwana yake. Mama akasema sawa. Wakaagana kwa mikono, simu ikakatika.

"Umekubali," nikasema. "Mtu anakugeuza gunia maisha yake yote na wewe unasema sawa."

"Hakunigeuza gunia. Alinitaja. Kila sikukuu alinitaja."

"Alikutaja kama nafaka."

"Nafaka ndiyo inakulisha hapo Makutano, usiidharau."

"Mama, mimi sichezi."

"Hata mimi." Akaanza kukusanya sahani. "Yule mzee yuko na fimbo mkononi na bwana kaburini. Nimwambie asubuhi, kabla hajanywa chai, kwamba bwana yake alikuwa mwongo? Kwa simu, na mtoto ndiye anaandika? Wewe ungefanya hivyo?"

"Ndiyo."

"Ungefanya. Halafu Kinoru hapo huwezi kufika."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, nimeyaweka miaka. Lakini binti yangu alikuwa amesimama katikati yetu na simu kifuani.

"Mami, na baba yangu huko Kinoru, anawaambia watu mimi ni nini?"

Nilimtazama mama anisaidie. Alikuwa ameinamia sahani.

"Sijui," nikasema.

"Hajakuambia?"

"Sijamwuliza."

"Si umwulize."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia mlango uko wazi. Nikasema nitamwuliza. Mama alisikia, akaendelea kukusanya sahani.

Simu ikalia. Ni dada, anashukuru, anasema mama yangu ana moyo mzuri, ametuma na maua ya kuchora. Mtoto akaiweka simu mezani, akaenda kusimama mlangoni.

"Mimi siandiki tena uongo wao."

Mama akanigeukia mimi. Sikuwa nimeigusa hiyo habari tangu ianze, kwa makusudi, lakini niliichukua simu nikaandika, halafu nikasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mama yangu si mbegu. Leo amekusitiri kwa heshima ya mama yako. Watoto wako waambie ukweli sasa. Mzee akishakufa, waambie wengine wote."

"Ondoa hapo kwa kufa," mama akasema. "Mtu mzima hazungumziwi hivyo."

Nikaondoa.

"Hiyo ya mbegu iache."

Nikatuma. Jibu lilikuja haraka, fupi: Nipe muda. Mimi nilicheka kwa hasira, kwa sababu hayo maneno niliwahi kuyasikia nikiwa na tumbo la miezi minne. Mama hakucheka. Alipangusa mikono kwenye lile gauni la kanisani, akavaa miwani, akanipokonya simu.

"Wajina, kuja hapa. Nionyeshe herufi ziko wapi."

"Za nini?"

"Huyo mzee nitamwandikia mwenyewe siku moja. Si leo. Lakini sitaki mtu aandike kwa niaba yangu, nyinyi wawili mna hasira."

Mtoto alivuta mdomo kidogo mlangoni, kisha akaja akakaa.

"Cucu, unabonyeza hapa kwanza. Unataka kuandika nini?"

"Jina langu. Halafu la baba yangu, chini yake."

Niliwaacha hapo nikaenda kufunga mzigo wa shule. Nilipopita tena mama alikuwa bado anatafuta herufi ya kwanza, kidole kinazunguka juu ya kioo, na binti yangu, ambaye hana subira na mtu yeyote, alikuwa anamngoja.